Ilani iliyofika kura zikiwa zimekwisha kuanza

Tarehe 8 Oktoba 2024, viongozi watatu wa vyama vya mkoa wa British Columbia, ulio magharibi kabisa ya Kanada, walisimama mbele ya kamera za televisheni wakajibizana juu ya nyumba, hospitali, kodi na dawa za kulevya. Siku mbili baadaye, tarehe 10, vituo vya kura ya mapema vilifunguliwa. Tarehe 15 ndipo chama cha Conservative, kilichokuwa kikikabana koo na chama tawala cha NDP, kilipoitoa ilani yake kamili, yenye hesabu ya mapato na matumizi. Siku yenyewe ya uchaguzi ilikuwa tarehe 19.

Hebu msomaji azipange tarehe hizo kwa utaratibu: mjadala, kura, kisha ilani. Hata mtoto wa darasa la nne akipewa kadi tatu zenye maneno hayo na kuambiwa azipange, hatazipanga hivyo.

Kura ya mapema ilipofungwa tarehe 16, watu zaidi ya milioni moja walikuwa wamekwisha kutumbukiza karatasi zao. Wengi wao walipiga kura wakati mojawapo ya vyama viwili vyenye nafasi ya kuunda serikali hakijasema kitagharimia vipi yale kinayoyaahidi. Ilani ilipotoka, ilionyesha kwamba nakisi ya bajeti, ambayo tayari ilikuwa ikikadiriwa kufika karibu dola bilioni 9 chini ya serikali iliyokuwapo, ingepanda hadi karibu dola bilioni 11 katika mwaka wa kwanza wa utawala wa Conservative. Si dhambi chama kukopa. Lakini chama hicho kilikuwa kimezunguka mkoa mzima kikiilaumu serikali kwa ubadhirifu, na mpiga kura alikuwa na haki ya kuziona tarakimu hizo kabla ya kuishika kalamu.

Nitauchambua uchaguzi huo kwa kirefu kidogo, kwa kuwa naona una mafunzo kwa kila mwalimu wa historia na serikali, na kwa kila mwanafunzi aliyewahi kuulizwa katika mtihani aeleze umuhimu wa ilani ya chama. Kitabu cha kiada humpa jibu jepesi: ilani humwezesha raia kulinganisha sera. Jibu hilo ni sahihi. Kasoro yake ni kwamba hudhani ilani ipo mezani wakati raia anapoketi kulinganisha.

Kwanza ni muhimu ifahamike kwa nini uchaguzi wa mkoa ni jambo zito nchini Kanada. Katiba yao ya mwaka 1867 iliikabidhi mikoa mamlaka juu ya elimu, hospitali na maliasili. Serikali ya shirikisho mjini Ottawa haina hata wizara ya elimu. Mwalimu wa Vancouver hulipwa, husimamiwa na hupewa mtaala na mkoa wake. Mgonjwa wa Kelowna akikosa daktari hamlaumu Waziri Mkuu wa nchi, humlaumu Waziri Mkuu wa mkoa. Kwa hiyo wapiga kura wa British Columbia walipobishana juu ya ilani katika mwaka huo wa 2024, walikuwa wakibishana juu ya mambo yanayoingia jikoni, darasani na wodini.

Kinyang'anyiro chenyewe kilikuwa cha ajabu. Chama cha Conservative cha mkoa huo kilikuwa kimepata asilimia 1.9 tu ya kura katika uchaguzi wa mwaka 2020. Kiongozi wake wa 2024, John Rustad, alikuwa mbunge wa chama cha Liberal aliyefukuzwa humo mwezi Agosti 2022 na kiongozi wake, Kevin Falcon, kwa sababu ya msimamo wake kuhusu mabadiliko ya hali ya hewa. Liberal ndicho chama kilichotawala mkoa kuanzia 2001 hadi 2017. Mwaka 2023 kilibadilisha jina kikaitwa BC United, na tarehe 28 Agosti 2024, kampeni zikiwa mlangoni, Falcon yule yule akaahirisha kampeni ya chama chake na kuwahimiza wafuasi wamuunge mkono Rustad, mtu aliyemfukuza miaka miwili tu iliyotangulia. Siasa haina haya.

Ningekuwa wakili wa Conservative ningelitumia hilo kuwatetea: chama kilichokuwa kidogo jana, leo kimepokea wagombea na wafadhili wa chama kingine kizima, kingewezaje kukamilisha mahesabu mapema? Ningeongeza kwamba kilikuwa kikitangaza sera zake moja moja wiki baada ya wiki. Mathalani, ahadi iliyopewa jina la Rustad mwenyewe, ya kuondoa kodi ya mapato ya mkoa kwenye sehemu ya fedha ambazo mtu hulipia kodi ya nyumba au riba ya mkopo wa nyumba, kuanzia dola 1,500 kwa mwezi katika mwaka 2026 na kuendelea kupanda hadi dola 3,000, ilikuwa imejulikana kwa muda.

Utetezi huo hauniridhishi. Tarehe ya uchaguzi British Columbia imewekwa na sheria: Jumamosi ya tatu ya mwezi Oktoba, kila mwaka wa nne. Hakuna aliyeshtukizwa. Na ahadi zinazotolewa moja moja pasipo hesabu ya jumla ni sawa na mtu anayekuonyesha kwato leo, mkia kesho na pembe kesho kutwa, huku mbuzi mwenyewe angali guniani.

Je, wapiga kura walikuwa wakijadili nini basi? Walijadili mengi, na hapa ndipo penye kitendawili cha pili. Katika masuala mawili makubwa, vyama vilivyokuwa vikipigana vilikuja kusema mambo yanayokaribiana.

Suala la kwanza ni kodi ya kaboni, inayotozwa petroli na gesi ili watu wapunguze matumizi yake. Ilianzishwa mkoani humo tarehe 1 Julai 2008 na serikali ya Gordon Campbell wa chama cha Liberal. NDP, ambacho wakati huo kilikuwa katika upinzani, kiliipinga kwa nguvu na kwenda nayo katika uchaguzi wa Mei 2009, kikabwagwa. Mwaka 2017 NDP kikaingia serikalini, kikailea kodi ile ile kama mwana wa kambo aliyegeuka kipenzi cha nyumba, hata ikafika dola 80 kwa tani mwaka 2024. Kisha tarehe 12 Septemba 2024, siku tisa kabla ya kampeni kuanza rasmi, Waziri Mkuu David Eby akatangaza kwamba ataiondolea raia wa kawaida kodi hiyo endapo serikali ya Ottawa itaondoa sharti linaloilazimisha mikoa kuwa nayo. Rustad alikuwa ameahidi kuifuta muda mrefu. Warithi wa chama kilichoianzisha wakawa wanaitukana, na chama kilichoipinga, kisha kikaikumbatia, kikawa sasa kinaaga. Kodi hiyo ilikoma tarehe 1 Aprili 2025.

Suala la pili lilikuwa la huzuni zaidi. Mkoa huo ulitangaza hali ya dharura ya kiafya mwezi Aprili 2016 kutokana na vifo vinavyosababishwa na dawa za kulevya zenye sumu. Mwaka 2023 pekee vifo hivyo vilizidi 2,500, na tangu dharura hiyo ilipotangazwa hadi wakati wa uchaguzi vilikuwa vimeshapita 15,000. Serikali ya NDP ilijaribu njia ya kutowashtaki watu wazima wanaopatikana na kiasi kidogo cha dawa hizo; jaribio hilo lilianza tarehe 31 Januari 2023. Wananchi walipolalamika kwamba dawa zinavutwa hadharani, serikali ikarudi nyuma mwezi Mei 2024. Ilipofika Septemba, Rustad alikuwa akiahidi kuwatibu kwa lazima waraibu walio katika hali mbaya, na Eby naye akatangaza mpango wake wa matibabu ya lazima kwa wale wenye uraibu pamoja na magonjwa ya akili au madhara ya ubongo. Mpiga kura aliyetaka njia tofauti na hiyo alibaki na chama kidogo cha Kijani, ambacho kilipata viti viwili tu, na kiongozi wake, Sonia Furstenau, akapoteza kiti chake mwenyewe.

Basi watu walibishana juu ya nani anaaminika. Eby anaamini kweli anachosema, au ameogopa? Rustad ni yule yule wa Liberal, au ni mwingine? Hayo ni maswali halali, lakini yana ila moja: hayana majibu yanayoweza kupimwa. Tarakimu hupimika. Ndiyo maana naililia ilani.

Tuchukue mfano wa shule, maana najua wengi wanaosoma safu hii wanakaa karibu na ubao. Ilani ya NDP, iliyotolewa tarehe 3 Oktoba 2024, iliahidi kuweka mwalimu msaidizi katika kila darasa kuanzia chekechea hadi darasa la tatu. Unaweza kuipenda ahadi hiyo au kuichukia, lakini unaweza kuihesabu: madarasa ni mangapi, wasaidizi ni wangapi, mshahara ni kiasi gani, na watu wenye ujuzi huo watatoka wapi katika mkoa ambao tayari unalia kukosa walimu. Rustad kwa upande wake aliahidi kuondoa shuleni mwongozo uitwao SOGI 123, uliotungwa kuwasaidia walimu kukabili uonevu dhidi ya wanafunzi kwa misingi ya jinsia na mapenzi. Hiyo nayo ni ahadi bayana, na wazazi waligawanyika juu yake waziwazi. Ahadi ya kuinua viwango vya elimu, ambayo kila chama duniani hukariri, haina mahali pa kushika.

Na walimu wa British Columbia wana sababu yao ya kutaka mahali pa kushika. Mwezi Januari 2002 serikali ya Liberal ilipitisha sheria zilizofuta katika mikataba ya walimu vifungu vilivyoweka kikomo cha idadi ya wanafunzi darasani, tena zikawanyang'anya walimu haki ya kujadiliana juu ya jambo hilo. Chama chao kilikwenda mahakamani, kikashinda, kikashindwa, kikagoma, kikarudi mahakamani. Tarehe 10 Novemba 2016 Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua kwamba walimu walikuwa na haki, na serikali ikalazimika kuajiri walimu kwa maelfu. Aliyekuwa Waziri wa Elimu mwaka 2002, Christy Clark, ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu wa mkoa siku uamuzi ulipotolewa. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza Septemba 2002 alikuwa amemaliza la kumi na mbili miaka miwili kabla ya haki hiyo kurudi. Alisoma maisha yake yote ya shule ndani ya kosa la serikali.

Sasa nirejee kwenye swali linalonikera: kwa nini vyama huchelewesha ilani? Kivivu, tungesema ni uzembe. Mimi nadhani ni hesabu iliyopigwa kwa makini, na nadhani somo lake mojawapo lilitolewa katika mkoa mwingine, Ontario, mwaka 2007.

Katika Ontario shule za Kikatoliki hulipiwa na serikali kikamilifu, kutokana na mapatano ya mwaka 1867 yaliyokusudiwa kuwalinda Wakatoliki wachache wa wakati ule. Katikati ya miaka ya 1980 malipo hayo yalipanuliwa hadi mwisho wa sekondari. Wayahudi, Waislamu, Wahindu, Masingasinga na Wakristo wa madhehebu mengine wakitaka shule zao hujilipia wenyewe. Mwaka 1999 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema kwamba huo ni ubaguzi. Jambo hili halikuwa la wageni kwetu, maana jiji la Toronto lina familia nyingi zilizotoka Mombasa, Zanzibar, Kampala na Dar es Salaam, na baadhi yao ni za dini hizo zilizoachwa nje.

John Tory, kiongozi wa chama cha Progressive Conservative, akaweka katika ilani yake kifungu cha kuzifadhili shule za dini zote zitakazokubali mtaala wa mkoa. Alikisema mapema, akakitaja kwa gharama yake: takriban dola milioni 400 kwa wanafunzi wapatao 53,000. Kampeni ikageuka kuwa mjadala wa kifungu hicho kimoja. Waziri Mkuu Dalton McGuinty, yeye mwenyewe mtoto wa shule za Kikatoliki, alidai kwamba mpango huo utawatenganisha watoto na kuzinyonya shule za umma. Utetezi wa shule za Kikatoliki kubaki na fedha zao ulikuwa mwepesi kama unyoya, lakini ulitosha. Chama cha Kijani kilisema shule zote ziwe mfumo mmoja wa umma, Wakatoliki pamoja. Kiongozi wa NDP, Howard Hampton, alighadhibika kwamba waandishi hawaulizi juu ya umaskini wa watoto wala hospitali. Hapa kwetu, ambako shule nyingi za umma zina kanisa au msikiti kama mdhamini na ugomvi kati ya mdhamini na wizara si habari mpya, ni rahisi kuelewa jinsi mjadala huo ulivyowachoma watu.

Zikibaki siku chache, Tory akalegeza msimamo, akasema wabunge wataachwa huru kuupigia kura mpango huo. Alikuwa amechelewa. Tarehe 10 Oktoba 2007 chama chake kilipata viti 26 kati ya 107, cha McGuinty 71. Tory mwenyewe alishindwa katika eneo la Don Valley West na Waziri wa Elimu, Kathleen Wynne, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa mkoa mwaka 2013.

Naamini Tory alikuwa na hoja ya haki kuliko aliyemshinda. Aliliuliza jamii swali la kweli: ama fadhilini wote, ama elezeni kwa nini mmoja tu. Wapiga kura walijibu kwa kumwadhibu muulizaji, na hali ya shule za Kikatoliki ikabaki vile vile. Waliokuwa wakitazama kwa makini walikuwa washauri wa vyama. Waliona kwamba kifungu kilicho wazi, chenye gharama, kilichotolewa mapema, ni ubao wa shabaha.

Mwezi Februari 2025 chama hicho hicho cha Ontario, sasa kikiongozwa na Doug Ford, kiliitoa ilani yake tarehe 24, siku tatu kabla ya uchaguzi na baada ya kura ya mapema kwisha. Uchaguzi huo uliitishwa na Ford mwenyewe kabla ya wakati wake, kwa hiyo hata kisingizio cha kushtukizwa hakikuwapo: aliyeipiga mbiu ndiye aliyechelewa kwenye mkutano. Akashinda kwa mara ya tatu mfululizo kwa wingi wa viti. Mjumlishie hapo Rustad, ambaye kwa ilani ya siku nne alikiinua chama kutoka asilimia 1.9 hadi asilimia 43, na utaona ni kwa nini mshauri yeyote wa kampeni atamnong'oneza bosi wake asubiri.

Kuna watakaoniambia kwamba aliyetoa ilani mapema naye hakuitekeleza, na hawatakuwa wamekosea. NDP iliahidi kuzipunguzia familia za British Columbia takriban dola 1,000 kila mwaka, mwaka wa kwanza, 2025, zikitolewa kama nafuu ya gharama za chakula. Ilishinda. Mwezi Februari 2025, miezi minne tu baadaye, Waziri wa Fedha Brenda Bailey akatangaza kwamba nafuu hiyo haitatolewa, kwa sababu ya tishio la ushuru wa Rais Donald Trump wa Marekani dhidi ya bidhaa za Kanada. Tishio lilikuwa la kweli. Lakini nakisi kubwa ilikuwa ya kweli pia hata kabla ya Trump kuchaguliwa, na walioiandika ahadi hiyo waliiona. Walimu wa Kenya walioahidiwa vipakatalishi vya darasa la kwanza mwaka 2013 watawahurumia wenzao bila kuombwa.

Hata hivyo siwezi kuyaweka makosa hayo mawili katika mizani moja. Ahadi ya dola 1,000 ilikuwa imeandikwa, ikahesabiwa, ikasomwa na wapinzani, ikakosolewa kabla ya kura; ilipovunjwa, kila mtu alijua ni kitu gani hasa kilichovunjwa na kwa kiasi gani. Deni hilo lina hati. Ilani ya dakika za mwisho humnyima raia hati yenyewe, na chama kikishinda hudai kwamba kimepewa idhini ya kutekeleza waraka ambao sehemu kubwa ya waliokipa idhini hawakuwahi kuuona.

Ipo dawa isiyo ghali. Tume ya uchaguzi huweka siku ya mwisho ya wagombea kuwasilisha karatasi zao, na anayechelewa hata saa moja huachwa nje. Sioni kwa nini chama kinachotaka kutajwa kwenye karatasi ya kura kisitakiwe kuwasilisha ilani yenye hesabu siku kadhaa kabla ya kura ya kwanza kupigwa, bila tume kuhukumu kama hesabu hiyo ni nzuri au mbaya. Kazi ya kuhukumu ibaki kwa wapiga kura. Wapo watakaosema hilo linaingilia uhuru wa vyama. Sheria za Kanada tayari zinaamua chama kitumie fedha kiasi gani katika kampeni na kipokee michango kutoka kwa nani, na uhuru haujafa.

Matokeo ya British Columbia yalichukua siku tisa kujulikana. NDP ilipata viti 47 kati ya 93, Conservative 44, Kijani 2. Kiti cha arubaini na saba, kilichoipa NDP wingi wa kiti kimoja tu na kumbakisha Eby ofisini, kilikuwa cha Surrey-Guildford, na kura zilipohesabiwa upya mbele ya jaji tofauti ilikuwa kura 22. Mkoa wenye watu zaidi ya milioni tano ulipata serikali kwa idadi ya watu wanaotosha kujaza madawati ya darasa dogo. Kura ni siri, kwa hiyo hakuna atakayepata kujua kamwe wangapi kati ya wapiga kura wa Surrey-Guildford waliopiga kati ya tarehe 10 na 13 wangeiacha kura yao ilipo, na wangapi wangeihamisha, laiti wangaliona zile karatasi za tarehe 15.